Kumsifu Msimuliaji wa Muvi

Sikusomea filamu. Mimi ni mtazamaji wa kawaida, wa jioni baada ya kazi, na muvi mpya nyingine hunifikia, nyingine hunipita. Hata hivyo nina maoni, tena makali, na walionifundisha kuwa nayo ni watu wa fani moja isiyo na chuo: wale wanaokaa pembeni ya skrini na maiki mkononi, wakaifanya muvi ya kigeni iwe hadithi ya Kiswahili huku yenyewe inaendelea.

Dar es Salaam fani hii ilipata jina kubwa kwa Derek Mukandala, ambaye wengi walimjua kwa jina moja tu, Lufufu. Alisimulia papo hapo kwenye vibanda vya video, kisha sauti yake ikaanza kurekodiwa juu ya kanda, na kanda zikafika mikoani. Kenya yupo DJ Afro. Kampala msimuliaji huitwa VJ, na kina VJ Jingo na VJ Junior husimulia kwa Kiganda. Mtu akichagua muvi ya kutazama, mara nyingi huuliza kwanza imesimuliwa na nani, ndipo aulize inaitwaje.

Kazi yenyewe ni nzito kuliko inavyosikika. Mtu mmoja anabeba sauti ya steringi, ya adui, ya mama mzazi na ya polisi aliyechelewa kufika. Muda alionao ni ule ambao mhusika amefungua mdomo, basi. Ndani ya muda huo aseme kilichosemwa, amkumbushe aliyeingia sasa hivi kwamba huyu mwenye kovu ndiye aliyemuua baba yake steringi, kisha awahi kunyamaza kabla teke halijatua. Akichelewa kidogo, teke limepotea, na benchi zima litamlaumu. Hakuna mhariri wa kumsahihisha wala mara ya pili. Kwa hiyo huitazama muvi peke yake kwanza, akijua wapi pana maneno mengi ya bure yanayoweza kufupishwa, na wapi neno moja limebeba kisa kizima.

Nitoe mfano wa RRR, filamu ya S. S. Rajamouli iliyotoka India mwaka 2022 kwa lugha ya Kitelugu. Ni ndefu, imepita saa tatu, na mimi naiona kuwa miongoni mwa filamu bora za mapigano za miaka hii. Mapema kabisa kuna treni inalipuka juu ya daraja, na mtoto amenaswa mtoni katikati ya moto. Wanaume wawili wasiojuana wanaonana kwa mbali na kupanga uokoaji kwa ishara za mikono. Mmoja anapanda farasi, mwingine pikipiki, kamba moja kati yao. Hawasemi neno hata moja. Msimuliaji niliyemsikia aliwapa maneno: mafupi, ya mtu aliyeshika pumzi, kama mafundi wawili wanavyoongea wakiwa juu ya kenchi. Walipokwisha kuruka, aliacha. Mikono yao iliposhikana chini ya daraja ndipo akarudi, akatuambia kwa sentensi moja tu kwamba urafiki huu utawagharimu wote wawili. Sentensi hiyo haimo kwenye filamu. Lakini hofu iliyonipata pale ndiyo niliyokaa nayo hadi mwisho, na nadhani ndiyo hasa mwongozaji aliyoitaka.

Kisha kuna mahali Bheem, mmoja wa wale wawili, anachapwa mjeledi mbele ya umati, anakataa kupiga magoti, anaimba. Hapo msimuliaji hakugusa maiki. Kitelugu kikaimbwa chote, kibandani hakuna aliyekielewa, na hakuna aliyehitaji. Kwangu mimi ubingwa wa fani hii unapimwa hapo. Kupiga kelele juu ya picha kila mtu anaweza. Kujua kwamba sasa picha inajitosha, ukakubali kusahaulika kwa dakika kadhaa wakati watu wamekuja kwa ajili ya sauti yako, kunahitaji mtu anayeipenda filamu kuliko anavyojipenda.

Jambo la pili ninalowasifia ni ukweli wao. Msimuliaji hasubiri muvi iishe ndipo aandike maoni ya heshima. Adui akikosa akili, anasema. Kisa kikizunguka pale pale, anasema pia, halafu anakiruka. Gavana Mwingereza na mkewe katika RRR ni waovu mwanzo mwisho, bila hata chembe ya utu ya kuwafanya watishe zaidi. Niliambiwa hivyo na maiki kabla sijafikiria mwenyewe, na bado naona hukumu hiyo ni sahihi.

Masikio hayo ndiyo ninayotazamia nayo filamu za kwetu. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, haihitaji msimuliaji kabisa. Inasema Kiswahili cha Unguja, inakwenda polepole, na mapenzi ya Yasmin na Denge yanasemwa zaidi na macho kuliko midomo. Aliyeisoma riwaya atakosa mengi aliyoyapenda, nami niliyakosa, lakini sitaki mtu aniongezee neno juu ya nyuso zile. Nawi, ya Kenya, ya mwaka 2024, ni tofauti. Ni kisa cha msichana wa Turkana anayefanya vizuri sana mtihani wake wakati baba yake anapanga kumwoza. Michelle Lemuya Ikeny anaibeba filamu ile mabegani mwake, na inastahili kufika kwa kila mzazi mwenye binti, pamoja na wazazi wasioweza kufuatana na maandishi yanayokimbia chini ya skrini. Kwao, msimuliaji mzuri ni mlango.

Kasoro zipo. Wasimuliaji wengi huwadharau wanawake walio kwenye picha, humchekesha mtazamaji kwa umbo la mtu ambaye filamu yenyewe imempa heshima. Hilo naliona ni uvivu, maana mzaha wa namna hiyo hauhitaji hata kuitazama muvi. Na kanda nyingi ziliuzwa bila mwenye filamu kupata chochote. Mwaka 2017, waigizaji wa Bongo Movie walipoandamana Dar es Salaam kupinga uuzaji holela wa filamu za nje, walikuwa na haki ya kulalamika.

Lakini dawa ya wizi isiwe kuizika fani. Japani, enzi za filamu zisizo na sauti, wasimuliaji walioitwa benshi walikuwa nyota. Majina yao yalitangazwa, na watu walifuata benshi wao jumba kwa jumba. Heigo, kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa, alikuwa mmoja wao. Uganda, mwongozaji Nabwana IGG wa Wakaliga aliiweka sauti ya VJ Emmie ndani ya filamu yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, na sasa watu wa mabara mengine hawawezi kuiwazia filamu ile bila sauti hiyo.

Basi wenye kununua haki za kuonyesha filamu Afrika Mashariki, wenye majumba ya sinema na wenye programu za simu, waajirini watu hawa kihalali. Mtazamaji apewe nafasi ya kuchagua: sauti ya asili, au sauti ya msimuliaji. Mlipeni vizuri, mpeni muda wa kuitazama filamu kabla ya kuisimulia, na jina lake liandikwe kwenye bango.