Seva Isiyovuka Kizingiti

Bando limeisha, na hapa Ziba usiku huu hakuna duka lililo wazi. Haidhuru. Nafungua folda ya tovuti ya jamaa yangu muuza mchele, nachapa mstari mmoja, python3 -m http.server 8000, na laptopu imeshakuwa seva. Brauza naielekeza localhost:8000. Ombi linatoka kwenye mashine na kurudi kwenye mashine ileile.

Wapo wanaobofya faili mara mbili, wakiuona ukurasa wanadhani kazi imekwisha. Siwacheki, nami nilianza hivyohivyo. Ila ukurasa uliofunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye diski, brauza huutilia shaka: moduli za JavaScript hukataliwa, faili ya bei haisomeki. Ukipitia seva, hata hii ndogo, mambo hayo hukaa sawa.

Ninachokipenda hasa ni ile mistari inayoshuka kwenye terminali. 200, faili imepatikana, 404, haipo. Juzi ilishuka GET /picha/mchele.jpg, 404. Haipo vipi, na picha naiona kwenye folda kwa macho yangu? Nilihangaika hadi nikagundua kamera iliiita mchele.JPG, kwa herufi kubwa, na Linux yangu haisamehe. Kwenye Windows ya jamaa yangu ilionekana vizuri tu, ndiyo maana alinibishia. Halafu kuna favicon.ico, ambayo sikuitaja popote. Brauza inaiomba yenyewe, kama mgeni anayeulizia chakula kabla hajapewa kiti.

Zamani majibu hayakuja haraka hivi. Mfuko wa barua za mpelelezi Livingstone, uliotiwa tarehe 1 Novemba 1870, ulikwama Unyanyembe, hapo Tabora penye njia ya misafara, ukamfikia Ujiji mwishoni mwa 1871 alipoupeleka mwandishi wa habari Stanley. Mimi nabadilisha rangi ya kichwa, nabonyeza F5, jibu limefika kabla kidole hakijainuka.

Hii ni seva ya mezani kwa fundi, si ya kumwekea mteja. Wenye Python wenyewe wanaonya. Usipoibana kwa --bind 127.0.0.1, aliye kwenye mtandao mmoja nawe anaweza kuchungulia folda yako. Nami huutumia uwazi huohuo: nawasha hotspot ya simu, isiyodai bando ili vifaa viwili visikizane, kisha naandika anwani ya laptopu kwenye simu. Ukurasa unafunguka. Bei ya kilo imebanana na picha ya gunia, haisomeki. Narudi mezani kuisogeza.