Fundi wa Rimu na Chumvi ya Dar

Gari la Dar es Salaam huzeeka kuanzia chini. Bodi itaoshwa kila Jumamosi, viti vitavalishwa vitambaa vipya, dashibodi itapakwa mafuta ya kung'arisha. Lakini inama kidogo utazame rimu, hapo ndipo utakapojua gari limeishi vipi. Utaona limekwaruza kingo ngapi za barabara, linalala karibu na bahari kiasi gani, limevuka maji ya Jangwani masika ngapi. Bonde la Msimbazi likifurika, dereva mwenye haraka ya kufika Kariakoo kutoka Magomeni huiombea injini tu. Rimu haiombewi.

Nataka kumsifu fundi ambaye naye hasifiwi. Fundi injini hupewa heshima ya udaktari, fundi umeme huogopwa kidogo, fundi wa rimu huonekana mpaka rangi tu. Utamkuta pembezoni mwa Mtaa wa Msimbazi, ukishukia Gerezani kwenye maduka ya spea, mara nyingi katika gereji bubu isiyo na kibao: ndoo ya maji, kompresa iliyochoka, rundo la msasa, na rimu imelazwa juu ya tairi kuukuu isije ikakwaruzika upande wa pili. Kazi yake kubwa hufunikwa na kazi yake ndogo. Saa nyingi za kusugua hufichwa na rangi iliyopulizwa kwa dakika chache, na ni dakika hizo chache ambazo mteja huzilipia kwa moyo mkunjufu.

Rimu za alminiamu zina umri mkubwa kuliko wanavyodhani vijana wa sport rimu. Mwaka 1924 Bugatti waliingiza gari lao la Type 35 kwenye mashindano ya Lyon, Ufaransa, likiwa na rimu za alminiamu ya kumwaga zenye mikono minane mipana. Kwetu zimekuja kwa mlango wa mtumba: IST, Harrier, Crown na Alphard kutoka Japani. Ndiyo maana fundi makini huanza kwa kuigeuza rimu na kuisoma mgongoni. Huko kuna upana na kipenyo chake, na mara nyingi herufi JWL, alama ya kiwango cha Kijapani cha rimu za aina hii. Alama peke yake haimtoshi, kwa kuwa wanaotengeneza nakala nao wanajua kugonga mihuri. Lakini rimu ambayo mgongo wake hauna hata herufi moja humfanya akunje uso kabla hajashika msasa.

Alminiamu haishiki kutu nyekundu, na hilo huwadanganya wengi. Ikikutana na hewa tu hujivika utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando huo ndio kinga yake. Chumvi huutoboa. Kokoto ikipiga ukingo na kupasua vanishi, unyevu wenye chumvi hupenya na kuanza kusafiri chini kwa chini, ukichora vijia vyeupe kama vya mchwa ukutani. Vyuma vidogo vya kubalansi vinavyobanwa kwenye mdomo wa rimu huongeza tatizo, kwani metali mbili tofauti zikikutana penye maji ya chumvi, mara nyingi alminiamu ndiyo inayoliwa. Ukipaka rangi juu ya vijia hivyo umevifungia ndani viendelee na safari.

Wapo wanaofunika tairi kwa gazeti na kupulizia hapohapo, gari likiwa juu ya jeki. Kazi huisha kabla ya adhuhuri, picha zinapigwa, kila mtu anafurahi. Subiri masika.

Anayeijua kazi hulitoa tairi, huchomoa valvu, hung'oa vyuma vya kubalansi, kisha huivua rimu rangi yote kwa dawa au kwa kupiga mchanga. Uchi huo ndio unaosema kweli. Ndipo hutafuta nyufa, hasa upande wa ndani usioonekana barabarani, kwa sababu shimo la barabara huumiza huko zaidi. Ipo njia ya zamani ya karakana isiyohitaji mashine: paka mafuta ya taa, acha yaingie, futa hadi pakauke, kisha pakaza chaki. Ufa ukiwapo, mafuta hurudi juu na kuchora mstari kwenye chaki.

Na ufa ukionekana kwenye mkono wa rimu au karibu na matundu ya nati, fundi ninayemsifu hukataa kazi. Hukataa fedha akiwa na kodi ya kulipa. Mteja hulalamika kwamba jirani yake alichomelewa na anatembea hadi leo, kwamba rimu ya chuma hugongwa nyundo ikanyooka. Ya chuma, ndiyo. Hii ya alminiamu, kwa kawaida yenye silikoni kama asilimia 7 na magnesi kidogo, kiwandani ilipashwa moto karibu nyuzi 540, ikazamishwa majini, kisha ikaokwa tena kwa saa kadhaa kwa moto wa chini sana. Nguvu yake imetokana na upishi huo. Ukiichoma ovyo kwa gesi umeuharibu, na huna onyo: chuma hugeuka chekundu kabla ya kuyeyuka, alminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi au chini yake bila kukuonyesha wekundu wowote mchana.

Inayopita mtihani huingia kwenye msasa, namba 80 kwa makovu, halafu 240 na 400, maji yakimwagika muda wote. Hapa sina mengi ya kusema. Ni mkono tu, na anayeruka namba ataona mistari yake ikijitokeza rangi ikikauka. Baada ya hapo rimu haiguswi kwa vidole vitupu, maana jasho nalo ni chumvi, wala hailazwi hadi kesho bila praima.

Hewa ya Dar ina neno lake pia. Siku ya mvua, thina inayokauka haraka huipoza rangi ghafla, unyevu hutua juu yake, na vanishi huweka ukungu mweupe. Kompresa nayo hukusanya maji tumboni na kuyatema katikati ya kazi. Kwa hiyo fundi huangalia mawingu, hufungua kompresa imwage maji, na pengine humwambia mteja arudi kesho. Mteja husikia uvivu.

Kisha linakuja suala la rangi. Mteja huja na picha kwenye simu. "Fundi, nataka kama hizi." Fundi mzuri haanzi na picha. "Bosi, gari unalilaza wapi? Unaosha mwenyewe au kwa vijana? Njia ya nyumbani ina lami?" Maswali haya huudhi, lakini jibu la rangi limo humo.

Kromu ni tabaka jembamba juu ya tabaka za nikeli. Ikitobolewa mahali padogo tu kwenye hewa ya bahari, hubanduka kwa magamba yanayokata vidole. Rimu iliyokerezwa kwa ncha ya almasi, uso wake ukabaki metali tupu chini ya vanishi angavu, ni nzuri kuliko zote, sibishani. Lakini vanishi hiyo imeshika juu ya metali laini, ikipata jeraha tu vile vijia vyeupe vinaanza, na kila ukiikereza upya unakula unene wa rimu. Kwa gari linalolala karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, nisingeipendekeza hata kwa adui. Fedha ya kioo, ile inayopatikana kwa kupuliza ukungu wa fedha juu ya nyeusi, hutegemea unene wa mpulizo wa mwisho. Kuzilinganisha rimu nne ni kipimo cha mkono, na kuziba mkwaruzo mmoja baadaye karibu haiwezekani. Nyeusi inapendwa sana sasa. Mkwaruzo wake huonyesha metali nyeupe toka mbali, vumbi la Kariakoo hulala juu yake saa moja baada ya kuoshwa, na ile isiyong'aa haikubali polishi.

Mimi ni mtu wa fedha ya kawaida. Inakaribiana na rangi ya metali yenyewe, hivyo hufichaficha makwaruzo, na vumbi la breki haliifedheheshi haraka. Ikiwa ni rangi ya unga, bora zaidi: unga hutiwa chaji ya umeme, hunata kwenye rimu, kisha huokwa kwenye oveni nyuzi 180 hadi 200, njia ileile ya fremu nyingi za madirisha ya alminiamu. Moto ukizidi hapo, ule upishi wa kiwandani huanza kuharibika. Kuna pia mteja asiyeshaurika, anayetaka nyekundu kwa sababu jengo la klabu ya Simba liko Mtaa huohuo wa Msimbazi. Huyo apakiwe nyekundu. Mapenzi yaliyoanza 1936 hayasikilizi habari za chumvi.

Kazi ikikaribia kwisha kuna sehemu mbili ambazo fundi huziba kwa uangalifu zisipate rangi: uso wa nyuma unaokutana na kitovu cha gari, na vikombe vya matundu ambamo nati hukaa. Rangi nene hapo husagika gari likitembea, nati hupoteza mkazo, na rimu nzuri kuliko zote mtaani hung'oka njiani. Baadhi ya wateja huona metali tupu kwenye matundu na kudai amesahau. Huwaeleza kwa upole, hukaza nati kwa mpangilio wa msalaba, na huwaambia warudi zikazwe tena wakishatembea kilomita 50 hadi 100, bure.