Kutu Huanzia Ndani

Wenye Land Rover za zamani hujivunia kwamba bodi ya gari lao haishiki kutu, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Gari hili lilipozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilipatikana kwa mgao, hivyo kampuni ya Rover ikatumia aluminiamu. Lakini fremu ilibaki ya chuma: bapa nne zilizochomelewa kingo kwa kingo, zikawa boriti yenye uwazi ndani. Humo tope huingia, likaganda, likatunza unyevu. Kwa magari ya Mombasa na Tanga ongeza chumvi ya bahari. Kutu ya fremu huanzia ndani. Ukiiona kwa nje, ujue imekula siku nyingi.

Fundi anayeijua kazi hii huanza na nyundo ndogo. Hujilaza chini ya fremu, akagonga polepole huku ametega sikio. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa mlio mfu, na pengine nyundo hutumbukia kabisa. Hapo hutia alama ya chaki. Boriti ya nyuma na vile vikono vya pembeni vinavyobeba bodi ndivyo huoza mapema. Palipooza hukatwa mpaka kwenye chuma safi, kisha huchomelewa bati la unene uleule. Puti haina nafasi hapa: fremu ndiyo inayobeba gari na watu wake, na kuziba tundu lake kwa puti ni kuhatarisha roho za watu.

Kukwangua kutu hufanywa kwa brashi ya waya, grainda, au kupiga mchanga penye mashine. Vishimo visivyofikika hupakwa asidi ya fosfori. Kwa hewa ya pwani, chuma kilichoachwa wazi asubuhi huweza kuota vumbi la kahawia kabla ya jua kuzama. Basi fundi husafisha kiasi anachoweza kukipaka praima siku hiyohiyo.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi anavyozishughulikia kingo. Rangi mbichi hujivuta ikikimbia ncha kali, ikabaki nyembamba mno palepale kutu inapopenda kushambulia. Kwa hiyo kila ncha huipiga tupa iwe butu, kisha kwa brashi ndogo hupaka kingo zote na kila mshono wa kuchomelea, peke yake, kabla ya kugusa penginepo. Ni saa nzima za kazi ambayo mwenye gari hataiona kamwe. Ndipo zinapofuata koti nyembamba, moja baada ya nyingine. Koti nene hukauka juu huku thina imenaswa chini.

Rangi ikishakauka, hupitisha mpira mwembamba kwenye matundu ya fremu na kupuliza nta ndani, mpaka ianze kudondoka upande wa chini. Halafu huchukua waya na kuzibua vitundu vya kutolea maji, kimoja kimoja, kwani nta ikiviziba maji ya mvua yatakosa njia.