Kikapu cha Milulu na Tenga la Nyanya

Miezi ya kipupwe, tangu Juni hata Agosti, ndiyo miezi ya mtu wa Nyanda za Juu Kusini kutoa sandukuni nguo zote alizo nazo. Huko Makete umande huganda juu ya majani kabla jua halijachomoza, na mjini Mbeya wauza chai hawapati nafasi ya kuketi. Ndiyo miezi, vilevile, ambayo mahindi yamekwisha kuvunwa na mkulima amepata siku chache za kutazama kazi ya mwenzake. Maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, ambayo kwa kanda yetu hufanyika Mbeya katika viwanja vya John Mwakangale, huangukia katikati ya baridi hiyo.

Mgeni angetazamia kwamba nchi yenye baridi namna hii ingekuwa na sufu yake. Haina. Masweta na makoti yanayoonekana viwanjani aghalabu hutoka katika marobota ya mitumba. Kondoo wetu wa asili ana nywele fupi na mkia mnene; hufugwa kwa nyama, wala hana manyoya ya kusokotwa uzi. Pamba ilikuwako: Wafipa, majirani zetu wa upande wa Rukwa, walifuma nguo za pamba kwa vitanda vya mfumi walivyojitengenezea, na wasafiri wa karne ya 19 walizitaja kazi hizo kabla hazijamezwa na nguo za madukani. Kwa hiyo, anayetaka kuujua uzi wa nyumbani wa Iringa na Mbeya asiende zizini. Aende bondeni penye milulu, na nyuma ya nyumba penye mianzi.

Tuanze na milulu, kwa kuwa ndiyo inayopata sifa. Ni majani marefu yaotayo penye majimaji. Wanawake wa Kihehe huyakata, huyaanika, kisha husuka kikapu kuanzia kitakoni kwenda juu, nyuzi zikizunguka zile zilizosimama. Hapa ndipo kikapu cha Iringa kinapoachana na kazi ya pwani. Kule ukili husukwa kwanza ukawa utepe mrefu, ndipo utepe ukashonwa kuwa mkeka au kapu la kwendea sokoni. Penye kosa huweza kukatwa na kushonwa upya. Kikapu cha milulu hakina mshono. Msusi aliyekosea kitakoni atalibeba kosa lake hadi mdomoni, na ubavu utapinda hata kama mkono na kifuniko vimepambwa vizuri. Sisi tuliozoea kuhesabu mizani za shairi twaijua adhabu hiyo, ingawa shairi, alhamdulillahi, laweza kufutwa.

Tulisimama mbele ya meza ya vikapu katika banda moja la utamaduni, tukavitazama kwa muda mrefu kuliko alivyopenda mwenye meza. Kimoja, kidogo, cha rangi ya majani yenyewe, kilisimama wima bila kuegemezwa. Tulipoukandamiza ubavu wake kwa kiganja ulirudi mahali pake. Mzunguko wa juu ulilingana na wa chini, wala hapakuwa na ncha iliyojitokeza kukwaruza mkono. Hicho kilikuwa kikapu. Jirani yake, kikubwa zaidi na cha bei kubwa zaidi, kilipambwa kwa mistari ya zambarau, na zambarau hiyo ilibaki katika kidole chetu. Kifuniko chake kilicheza kama kofia ya kuazima. Muda si mrefu wanunuzi wawili walikuja, na wote wawili wakaulizia kile cha zambarau.

Hatumlaumu msusi. Mwenye kusuka kwa siku kadhaa na kulipwa bei ileile ya aliyesuka kwa haraka, atajifunza haraka. Hata hivyo, lawama ipo, na sehemu yake kubwa ni yetu sisi tuandikao juu ya utamaduni. Tangu Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, ngoma, nyimbo na ushairi vimepata wahakiki, wazuri na wabaya. Ususi umepata wapambaji wa mabanda tu. Mtu hupita, husema "kizuri", huondoka. Hakuna amwambiaji msusi kwamba kitako hiki kimelegea, au kwamba rangi hii haikushika. Na sanaa isiyoambiwa ukweli hubaki ikisubiri huruma ya mnunuzi. Huko Iringa mjini, Kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kimewaajiri watu wenye ulemavu katika kufuma na kazi nyingine za mikono. Kitambaa chao na kitazamwe kama kitambaa, uzi kwa uzi. Kumsamehe fundi makosa kwa sababu ya mguu wake ni kumvunjia heshima.

Jambo jingine lilitusumbua zaidi. Katika meza ile yote hapakuwa na kikapu hata kimoja kilichotiwa kitu. Waliokuja kuvisifu walibeba mbegu na vitunguu vyao katika mifuko ya viwandani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini, tarehe 1 Juni 2019, tulidhani kikapu kitarudi mkononi mwa mwenda sokoni. Hakikurudi, ulikuja mfuko wa kitambaa chepesi cha kiwandani, nao ni rahisi kuliko milulu. Hatukushangaa sana, kwa maana hata sisi tulikuwa nao mfukoni siku ile.

Lakini si kweli kwamba ususi wote umeacha kazi ukawa pambo. Tuliporejea kwa njia ya Makambako na Mafinga hadi Iringa, tulipitiliza tukafika Ilula, wilayani Kilolo, nchi ya nyanya na vitunguu. Kando ya barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam yalikuwako matenga. Tenga ni kazi ya mianzi au fito, limesukwa wazi wazi, na uwazi huo si uvivu wa fundi: nyanya hupumua humo. Hutandikwa majani chini, hujazwa, hufungwa mdomo kwa kamba, hupangwa juu ya lori. Hakuna aliyelipeleka tenga bandani, kwa sababu halina rangi na lina matope. Nasi twasema kwamba kwa kipimo tulichokitumia Mbeya, yaani je, chombo kinafaa kwa kazi yake na je, mkono wa fundi umeijua kazi hiyo, tenga lile lilivishinda vikapu vingi vya mezani.

Hata tenga lina kasoro zake. Ncha za mianzi huchoma nyanya za pembeni, na ndiyo sababu watu wengi wamehamia kwenye makasha ya mbao. Kubwa kuliko hiyo ni suala la ukubwa. Gunia la viazi lina lumbesa yake, ile nundu inayoongezwa juu ya mdomo ili mnunuzi apate zaidi kwa bei ileile, na sheria ya vipimo inaikataza. Tenga halihitaji nundu kila mara, kwa kuwa nundu yaweza kusukwa ndani yake tangu mwanzo: tumbo likitanuliwa kidogo, mkulima amekwisha punjwa kabla hajachuma nyanya moja. Msusi husuka ukubwa autakao mwenye fedha. Hapo umbo la chombo ni suala la haki, na mhakiki asiyeliona hilo amekodolea macho mistari ya zambarau tu.

Walimu wanaotusoma watasema kwamba kazi za mikono zimo shuleni tangu siku za Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Ni kweli, nasi tu mashahidi. Tulipokuwa wadogo tuliagizwa kupeleka shuleni kikapu tulichosuka wenyewe. Mama alikisuka usiku mmoja, tukakipeleka, tukapewa alama nzuri, naye mwalimu hakukigeuza kutazama kitako. Afadhali wanafunzi wapewe tenga moja na kamba ya kupimia, wapime mdomo, tumbo na kina, kisha wakae na baba zao kukokotoa debe ngapi zimeingia na ngapi zimelipwa.

Pale Ilula tulimwuliza fundi mmoja kama angekubali mwakani kulipeleka tenga lake Mbeya, likawekwe mezani pamoja na vikapu vya milulu. Alicheka. Alisema litakaa huko juma zima bila nyanya, litakauka, litapasuka, na nani atamlipa? Kisha alituomba tusogee, maana lori lilikuwa likirudi nyuma.