Sakafu ya Mbao na Kifungu cha Zulia

Tumezoea kuhakiki mashairi na riwaya, tukayaacha bila kuguswa maandishi yanayotutoza fedha kila mwezi. Nami leo napenda kuhakiki tungo mbili ambazo kila mpangaji wa New York huzisoma: tangazo la nyumba na mkataba wake.

Tangazo lina maneno lisilochoka kuyarudia: "sakafu ya mbao ngumu". Yakishatajwa hayo, udogo wa jiko na dirisha linalotazama ukuta husahauliwa. Mbao yenyewe mara nyingi ni mwaloni mwekundu, uliopasuliwa vipande vyembamba, kila kipande kina ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, vikashikana. Mwishoni mwa karne ya 19 mashine ziliwezesha mbao hizo kutengenezwa kwa wingi, ndiyo maana zilitandazwa hata katika majengo ya watu wa kawaida. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mazulia ya kiwandani yaliposhuka bei, watu walizifunika ukuta kwa ukuta wakaona wameendelea. Baadaye wajukuu wao wakayang'oa mazulia, wakapiga msasa na vanishi, na dalali akapata la kusifia. Mbao ni zile zile. Yaliyobadilika ni macho ya watazamaji.

Sasa tufungue mkataba. Ndani kabisa, kwa herufi ndogo, mara nyingi kuna kifungu kinachomtaka mpangaji afunike asilimia 80 ya sakafu kwa zulia. Wengi hudhani hiyo ni sheria ya jiji. Sivyo, ni sharti la mwenye nyumba. Basi kile ulichovutiwa nacho kwenye tangazo, mkataba unakuamuru ukifiche.

Hata hivyo mhakiki hana budi kutenda haki. Kifungu kina sababu. Sauti ya redio husafiri hewani, lakini kishindo cha kisigino huingia ubaoni, kikashuka kwenye maboriti, kikatokea darini kwa jirani. Katika nyumba niliyopanga mimi, ghorofa ya tatu, chini yetu aliishi mama mmoja aliyefanya kazi usiku na kulala mchana. Siku moja alipanda kuja kwetu, wala hakuja kwa shari. Aliniambia kwamba wanangu wawili hajawahi kuwaona uso kwa uso, lakini anawajua kwa hatua zao, na kwamba yule mdogo hukimbia saa nane mchana. Maneno yale yalinigusa kuliko barua yoyote ya mwenye nyumba.

Basi kasoro ya kifungu iko wapi? Kwanza, kinapima eneo wala hakipimi unene. Zulia jembamba linaweza kutimiza asilimia 80 na jirani asipate nafuu kubwa, kwa kuwa kinachomeza kishindo zaidi ni tandiko nene linalolazwa chini ya zulia. Pili, kifungu nilichosaini mimi hakikutaja viatu, ilhali sisi watu wa pwani tunajua tangu utotoni kwamba viatu huvuliwa mlangoni, na desturi hiyo haigharimu hata senti moja. Tatu, na hili ndilo zito, kinaihamisha dosari ya jengo na kuiweka mabegani mwa mpangaji. Dari isiyozuia kishindo haikujengwa na mama yule, wala na wanangu. Lakini tulioachwa tutazamane kwa jicho baya ni sisi, na aliyenunua mazulia na matandiko ni mimi, huku kodi ikiendelea kudai thamani ya mbao zisizoonekana.

Kwa maoni yangu, tangazo ni utungo mzuri wenye uwongo wa kunyamaza, na mkataba ni utungo mbaya wenye nusu ya ukweli. Anayetafuta nyumba asome wa pili kabla hajalipia wa kwanza, ajumlishe bei ya zulia katika kodi, kisha aulize swali ambalo haliandikwi popote: chini yangu anaishi nani, naye hulala saa ngapi?