Uhaba na Taharuki katika Resident Evil

Aghalabu wahakiki huitafuta taharuki katika tukio: mlango unafunguka, adui anajitokeza, siri inafichuka. Mkabala huo hautoshi kuueleza mchezo wa video uitwao Resident Evil, ulioongozwa na Shinji Mikami na kutolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 1996. Maiti wanaotembea katika jumba la Spencer ni wazito wa mwendo, wala si vigumu kuwalenga. Kinachotisha ni hesabu: risasi zilizosalia, mitishamba ya kutibu majeraha, na nafasi za kubebea vitu, ambazo kwa Chris Redfield ni 6 na kwa Jill Valentine ni 8.

Ishara iliyokomaa kuliko zote ni utepe wa wino. Mchezaji hahifadhi hatua aliyofikia ila kwa taipureta, na kila afanyapo hivyo utepe mmoja humtoka. Kuiandika hadithi ni kuila akiba yake. Msomaji wa riwaya hufunga kitabu apendapo bila kulipia chochote; mchezaji huyu hana budi kupima kama hatua alizopiga zinastahili wino, au ajikaze mpaka chumba kinachofuata. Ucheleweshaji, ambao katika riwaya ni mbinu ya mwandishi, hapa ni uamuzi wa mchezaji mwenyewe, na akifa ndiye anayeanza upya.

Hata hivyo, dai kwamba mchezo huu ni wa ufukara linahitaji kupunguzwa makali. Mchezaji mwangalifu huweza kufika mwisho akiwa na risasi za kutosha sandukuni. Uhaba huu, basi, ni wa maarifa zaidi kuliko wa vitu: asiyejua kilicho nyuma ya mlango hawezi kujua thamani ya risasi moja. Pembe za kamera zisizosogea humzidishia ujinga huo. Ndiyo maana mchezo ukirudiwa taharuki hulegea.

Toleo lililosukwa upya mwaka 2002 lilikabili udhaifu huo kwa ustadi. Maiti aliyeangushwa bila kuchomwa moto wala kupasuliwa kichwa huweza kuamka baadaye, mwepesi na mkali kuliko awali. Mafuta ya taa ni machache, na chombo cha kuyabebea hula nafasi. Ushindi wenyewe ukageuka deni. Kinyume chake ni Resident Evil 4 ya mwaka 2005, ambamo maadui wakiuawa mara nyingi huacha risasi. Ni mchezo wa kusisimua mno, lakini taipureta zake hazidai utepe.