Redio zilizolala kwa miadi

Januari 2004, pundamilia kadhaa wa hifadhi ya Sweetwaters, karibu na Nanyuki, walivishwa kola na kuachiwa warudi malishoni. Kila kola ilibeba kompyuta ndogo, kipokezi cha GPS, redio, kumbukumbu na betri, na kwa nje ilizungushiwa seli za sola. Kazi yake ilikuwa kuandika mahali mnyama alipo kila baada ya dakika 8, usiku na mchana, kisha kuzifikisha habari hizo kwa watafiti bila mtu kumkamata tena pundamilia ili ambadilishie betri.

Mradi huo uliitwa ZebraNet. Ulitoka Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, na ulimkutanisha Margaret Martonosi, mtaalamu wa kompyuta, na Daniel Rubenstein, mwanabiolojia wa pundamilia. Wanaoutaja leo huusifia hasa kwa wazo la wanyama kubebeana data. Wazo hilo ni zuri na nitalifikia. Lakini mimi, kila ninaporudi kuusoma, nanaswa na hesabu ya umeme: jinsi kipokezi cha GPS, kimojawapo cha vifaa vilaji zaidi ndani ya kola, kilivyogeuka kuwa kifaa kinachookoa umeme wa redio.

Tuanze na mazingira yenyewe. Laikipia, iliko hifadhi hiyo, ni nyanda za juu chini ya Mlima Kenya. Malisho ni mapana, na wanyama hutembea kilomita nyingi kufuata maji na nyasi. Watafiti hawakutaka kutegemea minara ya simu wala antena za kudumu. Mpokeaji wa data angekuwa mtu ndani ya gari, anayepita mara moja moja. Uzito nao ulikuwa na kikomo, kwa sababu mnyama lazima akimbie, ainame kunywa na kugaagaa mavumbini kana kwamba hakuvaa kitu. Kwa hiyo betri isingeweza kuongezwa ovyo kila hesabu ilipokataa. Umeme wa kola ulikuwa kama maji ya mtungi mmoja katika nyumba ya watu watatu: kila anayechota, mwenzake anapungukiwa.

Wachotaji hao hawakulingana. Maikrokontrola waliyoichagua, yaani ile kompyuta ndogo, ni MSP430F149 ya Texas Instruments, yenye RAM ya kilobaiti 2 tu. Ikilala huku saa yake ikihesabu, hutumia chini ya maikroampea 2, na huamka kwa chini ya maikrosekunde 6. Hata ikifanya kazi kwa kasi kamili, haitishi. GPS na redio ndizo zilizokuwa za kuogopwa: kila moja ilidai mamia ya miliwati ikiwa macho.

Watu wengi wakisikia redio inakula umeme, hufikiria kutuma. Hapo ndipo wengi wetu hukosea tunapoanza kutengeneza vifaa vya aina hii. Adui mkubwa ni kusikiliza.

Mfano wenye namba bora ninaoujua hautoki Laikipia. Unatoka Great Duck Island, kisiwa kidogo cha jimbo la Maine, Marekani. Mwaka 2002 watafiti wa Berkeley, pamoja na maabara ya Intel na College of the Atlantic, walitega huko nodi 32, yaani vifaa vidogo vyenye vihisi na redio, ili kupima joto na unyevu ndani ya mashimo ya ndege wa baharini na karibu nayo. Walikuwa na betri mbili ndogo za AA kwa kila nodi, walizozihesabia miliampea-saa 2,200, na walitaka zidumu miezi 9. Ukigawanya kwa siku 270, mgao wa siku moja ni miliampea-saa 8.148. Kisha wakapanga bei ya kila tendo. Kutuma pakiti moja kunagharimu nanoampea-saa 20. Kusikiliza kwa milisekunde moja tu kunagharimu 1.25.

Piga hesabu hiyo taratibu. Pakiti moja ni sawa na milisekunde 16 za kusikiliza, muda mfupi kuliko kope kupepesa. Nodi inayotuma kila baada ya sekunde 70 hutuma pakiti kama 1,234 kwa siku, na zote kwa pamoja hazifiki hata miliampea-saa 0.03. Lakini nodi hiyo hiyo ikiacha redio yake wazi siku nzima isikilize tu, isipokee chochote, itakula miliampea-saa 108. Huo ni mgao wa siku 13 umeliwa kwa siku moja, na hakuna neno lililosemwa. Katika orodha ile ile, kuandika kwenye kumbukumbu ya flashi kuligharimu nanoampea-saa 83, yaani zaidi ya pakiti nne. Kwa mtu aliyezoea kudhani kwamba kuhifadhi ni rahisi na kutuma ni ghali, namba hizi zinapindua mpango mzima.

Basi dawa ni kuilaza redio. Hapo ndipo tatizo lenyewe huzaliwa: ukilala mimi nikiwa macho, nitakuita bure. Nikilala wewe ukiwa macho, utaniita bure. Kulala lazima kuwe kwa pamoja, na kuamka kuwe kwa pamoja. Tunahitaji miadi, na miadi inahitaji saa zinazokubaliana.

Saa za mitambo midogo huendeshwa na kristali ya kwatzi inayotetema mara 32,768 kwa sekunde. Ni kitu cha bei nafuu na ni kizuri, ila si kamilifu. Kristali ya kawaida huweza kupotoka kwa sehemu 20 katika milioni, ambayo ni sekunde 1.7 kwa siku. Kola mbili zikipotoka kuelekea pande tofauti, zinaachana kwa sekunde karibu 3.5 kila siku, na baada ya mwezi tofauti inazidi dakika moja na nusu. Joto nalo huongeza lake: kristali za aina hii hupoteza muda zikipata joto mbali na nyuzi 25, na huupoteza pia zikipata baridi. Nanyuki jua la mchana huchoma na usiku hutetemesha. Kola iliyo shingoni mwa mnyama hupitia hali zote mbili ndani ya saa 24.

Kuna njia za kupambana na hilo. Mojawapo ni kuamka mapema kidogo na kuchelewa kulala, ili kufidia upotovu. Lakini kila sekunde ya fidia ni kusikiliza kule kule tulikokukimbia. Nyingine ni nodi kutumiana ujumbe wa kusahihishana saa, na ujumbe huo nao una bei, tena kwa pundamilia hauwezekani wakati wenzako wako ng'ambo ya kilima kwa wiki mbili.

Watu wa ZebraNet walikuwa tayari wanalipia GPS, kwa kuwa bila mahali hapakuwa na utafiti. Na GPS haikupi mahali mpaka ikupe wakati, maana hesabu yake yote ni ya kupima muda ambao mawimbi yametumia kufika kutoka kwenye satelaiti zenye saa za atomiki. Kila kola ilipopata mahali ilipo, ilipata pia saa sahihi, ile ile waliyo nayo wenzake wote, wawe karibu au mbali. Upotovu wa kristali ndani ya dakika 8 ni chini ya milisekunde 10. Hivyo redio zote ziliwekewa ratiba moja: kila baada ya saa 2 zinaamka, zinatafutana, zinabadilishana, zinazima. Tuseme muda huo wa kuwa macho, yaani dirisha, ni wa dakika 5. Redio itakuwa macho saa 1 tu katika 24, na saa 23 haili kitu. Hakuna ujumbe hata mmoja uliotumika kupanga miadi hiyo.

Napenda pia walivyoiendesha GPS yenyewe. Mtu asiyeijua angesema: punguza matumizi, iwashe mara moja kwa siku. Ila kipokezi kilichozimwa muda mrefu husahau satelaiti zilipo. Kila satelaiti hutangaza ratiba yake ya mzunguko polepole sana, biti 50 kwa sekunde, na tangazo hilo hurudiwa kila sekunde 30. Kipokezi kinachoanza upya lazima kikae macho kikilisikiliza. Kile kilichoamka dakika chache zilizopita bado kina ratiba hiyo kwenye kumbukumbu na hupata mahali haraka, kisha hurudi kulala. Ratiba huchakaa baada ya saa kadhaa. Kwa hiyo vipimo 180 kwa siku havigharimu mara 180 ya kipimo kimoja.

Sasa niseme juu ya kuzima, kwa sababu kuzima kuna viwango. Katika kola hizi, GPS, redio na kumbukumbu hazikuunganishwa kwenye chanzo kimoja cha umeme kisha zikaombwa zilale. Walivipa vifaa vikubwa njia zake za umeme, ambazo maikrokontrola iliweza kuzikata kabisa. Hilo lilikuwa na faida mbili. Kwanza, kifaa kilichokatiwa umeme hakidokoi hata tone. Pili, kelele ya kifaa kimoja haikuingia kwenye kingine, na kwa GPS hilo ni jambo zito, kwani mawimbi yake hufika ardhini yakiwa dhaifu mno.

Somo hilo mimi nililipata mezani kwangu. Nilitengeneza kifaa cha kutoa taarifa ya tangi la maji ya mvua, chenye boya linalofunga swichi tangi likijaa. Kwenye karatasi, kikilala kilitakiwa kutumia chini ya maikroampea 5, na betri zingekaa miaka. Ziliisha kabla ya mwaka. Nikatoa kifaa, nikakata waya wa betri, nikaingiza mita katikati. Tangi tupu: namba ndogo, sawa na matarajio. Nikainua boya kwa kidole. Mita ikaruka hadi miliampea 0.31. Ilikuwa resista moja ya kiloomu 10, ndogo kuliko punje ya mchele, inayoshikilia mlango wa swichi kwenye volti 3. Swichi ikifungwa, umeme hupita humo kwenda ardhini, mchana na usiku. Ni miliampea-saa 7 na zaidi kwa siku, karibu mgao wote wa nodi moja ya Great Duck Island, na tangi lilikuwa limejaa masika yote. Nilihamisha mguu wa resista ile kutoka kwenye betri, nikauunganisha kwenye pini ya maikrokontrola, inayopewa umeme kwa muda wa kusoma tu na kukatwa. Nikainua boya tena. Mita haikusogea.

Turudi kwa pundamilia. Umbali nao ni umeme. Kwenye anga tupu, ukitaka redio ifike mara mbili ya umbali, lazima utume kwa nguvu mara 4. Karibu na ardhi, penye nyasi, vichaka na miili ya wanyama, inaweza kufika mara 16. Kola ambayo ingetuma moja kwa moja hadi kituo cha mbali ingehitaji betri ambayo shingo ya pundamilia haibebi. Wakaacha miguu ya mnyama ifanye kazi hiyo. Pundamilia wawili wakiwa karibu wakati wa dirisha, kila mmoja hunakili data ya mwenzake. Gari la watafiti likimpata mmoja, linapata na habari za wengine ambao hawajaonekana. Biolojia ilisaidia: pundamilia wa kawaida huishi katika familia ya dume mmoja na majike yake, na familia hiyo haiachani, hivyo kola moja huwakilisha kundi zima.

Katika kazi yao ya mwaka 2002, kabla ya kola kufika Kenya, walilinganisha kwenye kompyuta njia mbili za kunakili. Ya kwanza ni kumpa data kila unayekutana naye. Ya pili ni kumpa yule tu ambaye siku za karibuni amekuwa akikutana na gari mara nyingi. Kila kola ilibeba namba inayopanda ikikutana na gari na kushuka ikikaa mbali nalo. Ya kwanza ni rahisi kuandika na inastahimili mengi, lakini nakala hujaa kila mahali na umeme huenda kwa kutuma kitu kile kile. Mimi ningechagua ya pili kwa kundi kubwa, na ya kwanza kwa kola chache kama zile za Sweetwaters.

Yote haya yaliwezekana kwa sababu mtu mmoja alimuuliza mwingine swali la mapema. Wahandisi walitaka kujua data inahitajika lini. Wanabiolojia wakasema ichelewe, muhimu ifike. Jibu hilo liliruhusu saa 2 za ukimya, liliruhusu kubebeana, liliruhusu gari badala ya mnara. Kama aliyeulizwa angekuwa mlinzi wa wanyama anayewinda majangili, angesema dakika 5, na kola nzima ingebidi ichorwe upya, yenye betri nyingine na pengine mnyama mwingine mwenye shingo nene zaidi.

Ratiba ile ilikuwa na bei yake pia. Familia mbili zinaweza kukutana kisimani saa tano na nusu asubuhi, zikanywa bega kwa bega na kuachana kabla dirisha halijafunguka, na kola zao zisijuane kamwe. Na kola iliyozimika kwa kukosa jua, ikipata chaji, huamka haijui ni saa ngapi. Haina haja ya kuita, kwa maana haijui kama kuna aliye macho. Inawasha GPS kwanza, inatafuta satelaiti juu ya mgongo wa mnyama anayechunga, inangoja saa.